Maharagwe ya Chama na Hoja ya Kioko

Nairobi, Jumapili jioni

Mpendwa Nekesa,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kimya cha tangu Pasaka. Natumai watoto hawajambo na goti la Mama limepata nafuu. Nimesoma ujumbe wako mara mbili: chama kimekubali kununua sufuria sita za presha za stima kwa ajili ya vibanda vya chakula, halafu Kioko akasimama akasema mkiongeza stima mtaharibu mazingira kuliko makaa. Hilo siwezi kuliacha lipite.

Chukua nusu kilo ya maharagwe. Kwenye jiko la makaa yatakaa saa mbili, tatu, na makaa yatakayoteketea yatakaribia kilo moja. Kilo hiyo ina joto la yuniti 8 hivi za stima, na sehemu kubwa inapotelea kando ya sufuria. Tena kabla ya makaa kufika Nairobi, tanuri la udongo lilikula kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo hiyo moja. Sufuria ya presha inaivisha maharagwe hayo kwa chini ya nusu yuniti. Mita itasoma zaidi, ndiyo, lakini nishati iliyotumika kwa jumla imeshuka sana. Huku kwetu tuko juu, mita 1,600 na zaidi kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwa nyuzi 94 au 95, ndiyo maana maharagwe hugoma. Ndani ya presha joto linapita 110.

Pale Kioko anapostahili kusikilizwa ni kwenye saa. Kati ya saa moja na saa nne usiku kila nyumba imewasha, na mitambo ya kuzalisha stima kwa mafuta, kama ya Kipevu kule Mombasa, huitwa kuziba pengo. Usiku wa manane mambo hugeuka: mvuke wa ardhini unaozalisha stima kule Olkaria, karibu na Naivasha, unaendelea kupanda na wateja wamelala, hadi mwingine unaachiliwa hewani. Kwa hiyo lowekeni jioni, mpike saa kumi alfajiri. Sufuria nyingi zina kitufe cha kuchelewesha kuanza, hakuna haja ya mtu kuamka. Olkaria nayo ina gharama yake, mwambieni wazi: mabomba yanapita ndani ya mbuga ya Hell's Gate, na mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mtambo wa Olkaria IV. Hata hivyo ukiniuliza kati ya mvuke huo na misitu inayogeuzwa makaa, sisiti.

Kinachonitia hofu ni nyaya. Sufuria sita za wati 1,000 zikiwashwa pamoja zinavuta ampea 25. Kibanda kilichounganishwa kwa waya mwembamba kutoka nyumba ya jirani hakiwezi. Waya utapata moto, plastiki italainika, na soketi itaanza kunuka kabla fyuzi haijakatika. Fundi avute laini mbili za waya wa milimita mraba 2.5, kila moja na swichi yake ya ampea 20, sufuria tatu kila upande. Ekstenshoni zile za sokoni msizikaribie.

Mama Wambo naye asijaze sufuria. Maharagwe hutoa povu, ukipita nusu ya sufuria povu na maganda yanaziba vali, na mvuke unakosa pa kutokea. Nusu kilo iliyolowekwa, maji lita moja na robo, dakika 25 baada ya presha kupanda. Ukizima, iache ishuke yenyewe dakika 20; ukiifungua kwa pupa, mchuzi moto unaruka kupitia vali. Nyanya ziongezwe mwisho, asidi yake hugumisha maharagwe. Raba ya mfuniko ioshwe kila siku, na ikipasuka ibadilishwe hapohapo, kwani mvuke ukivuja presha haipandi na sufuria inakula stima bure.

Sasa niambie: vibanda vina mita yao au mnachangia na nyumba? Waya uliopo ni wa unene gani, umeandikwa ubavuni? Sufuria mmeshazilipia? Mwenye duka anauza raba za akiba? Na Kioko, atakubali tukae naye na mita mbele yetu, tupike chungu kimoja aone? Nijibu kabla fundi hajaanza.

Wako,
Wanjiku