Disney au Universal: muulizeni kwanza bibi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya safari iliyowashauri wazazi wanaokwenda Orlando, Marekani, "wamalize" viwanja vyote vya burudani ndani ya wiki moja: leo Disney, kesho Universal, keshokutwa kingine. Mimi naishi Atlanta, mwendo wa saa sita na ushee kwa gari kutoka huko, na ndugu wakija kutoka Tanga au Dar usukani huwa wangu. Kwa ratiba ile mtarudi mmechoka kuliko mlivyoondoka, tena mmenuniana.

Walt Disney World, iliyofunguliwa 1971, ina viwanja vikubwa vinne, na kutoka kimoja hadi kingine mara nyingi ni safari ya gari au basi. Magic Kingdom, kile ambacho kila mtoto anakililia, hata ukishaegesha gari bado hujafika. Unapanda treni ya juu inayozunguka ziwa, au kivuko kinacholivuka. Mama yangu alikipenda kile kivuko, alijiona yuko Kigamboni, lakini mjukuu wake alishaanza kulia njaa na lango lenyewe hatujalikaribia. Universal wana nafuu hapo. Viwanja vyao viwili vya zamani, cha 1990 na cha 1999, vimepakana, na hoteli zao kadhaa zina boti inayokushusha karibu na malango. Jua la mchana likikolea mnarudi chumbani, mtoto analala, jioni mnatoka tena. Kile kipya, Epic Universe cha Mei 2025, kiko mbali na hivyo viwili, kwa hiyo msidhani mtakiendea kwa miguu.

Kwa hiyo ukiniuliza habari ya miguu tu, nitakwambia Universal. Ukishaingia ndani ndipo mambo yanageuka. Michezo mingi mikubwa huko ni treni za kupindukapinduka, au viti vinavyokutikisa mbele ya skrini mpaka kichefuchefu kikushike. VelociCoaster, mojawapo ya treni hizo, haimpandishi mtu aliye chini ya sentimita 130. Upo utaratibu, kwa Disney na kwa Universal, wa mzazi mmoja kupanda huku mwenzake amebaki na mtoto, kisha wabadilishane bila yule wa pili kupanga foleni upya. Unasaidia, sikatai. Lakini mnakuwa mmelipa pesa zote hizo ili mpishane mlangoni. Mwenye vijana wa miaka kumi na minne aende Universal, hatajuta. Mwenye bibi na mtoto wa miaka mitatu, hapana.

Disney kuna mengi ambayo bibi, baba na mtoto wanakaa benchi moja na kufurahi pamoja, na kwa Mswahili uhondo uko Animal Kingdom, kiwanja cha 1998. Humo wamejenga mji wa kubuni wanaouita Harambe, wakaufananisha na Lamu. Kuta zimebanduka chokaa, mabango yamefifia, utadhani chumvi ya bahari imezila miaka mia. Mama alisogea, akaupapasa ukuta kwa kiganja, akaniuliza, "Mwanangu, ina maana wamemlipa fundi auchakaze?" Nikamjibu ndiyo, mama, tena kwa pesa nyingi. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Ukipanda lori la safari unakuta hata barabara ya vumbi ni zege lililotiwa rangi na kupigwa chapa za matairi, na mibuyu ni ya kutengeneza. Twiga na tembo ndio wa kweli. Mnazunguka karibu dakika ishirini, hakuna anayepimwa urefu.

Najua mtasema, Mtanzania apande ndege kwenda Florida kutazama twiga, na Mikumi ipo? Wanangu wamezaliwa huku. Bibi yao ndiye aliyekuwa akiwaeleza yule mnyama anakula nini, na yule dereva mwenye kipaza sauti hawakuwa na habari naye. Ila nendeni asubuhi, kabla ya joto, wanyama hawajajificha.

Kero ya Disney ni simu. Njia ya kukwepa foleni inalipiwa juu ya kiingilio, inawekewa nafasi kwenye programu ya simu siku kadhaa kabla, na waliolala katika hoteli zao ndio wanaoanza kuchagua. Nimeona akina baba wamesimama katikati ya watu, vichwa chini, wanabofya, watoto wanawavuta suruali. Njia ya Universal ya kukwepa foleni ni ghali lakini haina hesabu hizo, na hoteli zao tatu za bei ya juu zinakupa bure kwa vile viwanja viwili vya zamani. Kiingilio chenyewe kote kinazidi dola 100 kwa mtu mzima kwa siku. Aliye chini ya miaka mitatu haingiziwi gharama, na kwa Disney akifika kumi anahesabiwa mtu mzima.

Makala yenu haikugusa chakula kabisa, na kwa tunaotafuta halali ni jambo zito. Disney wanakuruhusu kuingia na chakula chako mradi si chupa za vioo. Sisi tuliingia na chapati na kuku wa kukaanga, tukala kivulini. Universal ni wakali zaidi: maji, vitafunio vidogo, chakula cha mtoto mchanga au cha mgonjwa, basi.

Mliandika pia kwamba Desemba ndiyo wakati mzuri kwa kuwa shule zimefungwa. Wiki ya Krismasi ni ya kukimbiwa, foleni hazisemeki. Juni nayo ina joto na ngurumo za alasiri, na radi ikikaribia michezo ya nje inasimamishwa. Anayeweza kusubiri mwishoni mwa Januari asubiri.

Ushauri wangu kwa wasomaji wenu ni kiwanja kimoja, kisha siku nzima ya kupumzika. Na siku hiyo ya kupumzika wekeni meza ya chakula kwenye hoteli ya Animal Kingdom Lodge, hata kama hamkulala hapo. Kiingilio cha kiwanja hakihitajiki, na pundamilia mnawaona kutoka barazani. Mama aligoma kukalia kiti cha magurudumu siku zote ("mimi si mgonjwa"), lakini pale alikaa kutwa kwenye kiti cha kawaida na hakuuliza tunaondoka lini.

Msomaji wenu,
Atlanta, Georgia