Mhariri, hilo neno "kizazi" linawaumiza wanawake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ukurasa wenu wa afya wiki iliyopita, ile habari ya chanjo ya wasichana ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, na juu yake mmeandika kwa maandishi makubwa "Chanjo ya kizazi yaja mashuleni". Mimi ni mkunga, nimestaafu juzijuzi baada ya miaka 31 ya wodi za wazazi na kliniki za mama na mtoto huku Tanga, na kiukweli niliposoma hicho kichwa roho iliniuma maana najua kitakachofata. Mzazi akisikia chanjo ya kizazi hasikii saratani wala hasikii kirusi, anachosikia ni kwamba mwanae anaenda kudungwa sindano ya kizazi, yani asije akazaa. Alafu tunashangaa kwanini siku ya chanjo watoto wanafichwa nyumbani.

Hebu tulitizame neno lenyewe. Kizazi ni watu wa rika moja, kizazi cha babu zetu, kizazi cha sasa. Kizazi ni ule mfuko anaokaa mtoto tumboni. Kizazi tena ni uwezo wa kuzaa, ndio maana mtaani wakisema fulani hana kizazi hawamaanishi katolewa mfuko, wanamaanisha hazai. Sasa daktari akimwambia mwanamke "kizazi chako kina shida", daktari anaongelea kiungo, mwanamke anasikia ameshahukumiwa utasa, na hakuna anayejua kama mwenzie kasikia kitu kingine kabisa.

Kuna binti mmoja sitomsahau. Alikua na miaka 23, kaolewa hata mwaka haujaisha, akaenda kupiga utrasaundi sehemu fulani, aliyempima akamwambia kizazi chako kimepinduka, akampa karatasi yake, basi, mwingine aingie. Yule binti alikaa na hilo neno miezi minne. Mama mkwe akajua, mawifi wakajua, yeye analia usiku, akanunuliwa dawa za kusafisha kizazi, vidonge vya mitishamba vya kuweka ukeni, na alipofika kwangu alikua anatoka uchafu wenye harufu na anawashwa mpaka hawezi kukaa. Nikamuuliza mwanangu ilikuaje, akaniambia, "Sista, kama kizazi kimepinduka si hata nikishika mimba mtoto atamwagika?"

Yani alikua anawaza kama ndoo iliyopinduka! Na ukifikiria sio kosa lake, ndivyo alivyoambiwa. Nikamwonyesha kwa ngumi yangu, maana mji wa mimba wa mwanamke asiye mjamzito haupishani sana na ngumi. Nikaikunja ngumi kwa mbele, nikamwambia wengi wako hivi, umelala mbele juu ya kibofu cha mkojo, nikaikunja kwa nyuma, nikamwambia wewe wako umelala hivi kuelekea mgongoni, na karibu mwanamke mmoja katika kila watano yuko kama wewe. Mara nyingi ni maumbile tu kama mtu kuwa na mwanya, mimba inashika kama kawaida, na ikifika kama miezi mitatu mji wenyewe unakua na kunyanyuka kuja juu. Maelezo hayo hayakuchukua dakika tano. Dakika tano zingemwokolea miezi minne ya machozi na hela za dawa.

Na hapo kwenye kusafisha lazima niseme ukweli, neno hilo tumelitoa sisi wenyewe wahudumu. Mimba ikiharibika na mabaki yamebaki ndani tunamwambia mama "utasafishwa", kwa maana ya kuyaondoa hayo mabaki ili damu isiendelee kutoka na asipate maambukizi. Mama anarudi nyumbani anasema nilisafishwa kizazi, jirani anasikia, mwishowe mtaa mzima unaamini kizazi ni kitu kinachochafuka kama sufuria na kinatakiwa kusafishwa kila baada ya mda. Leo fungua simu yako uone wanavyouza hizo dawa. Uke unajisafisha wenyewe, una bakteria wake wazuri wanaotengeneza asidi ya kuzuia wadudu wabaya, na ukiingiza vitu vya ajabuajabu unawaua wale walinzi. Mimi nilipoamka kwa hilo niliacha kusema utasafishwa, nikawa nasema "tutaondoa mabaki ya mimba". Ni maneno marefu kidogo lakini hayana mtego.

Kingine ni kufunga kizazi. Mama wa watoto sita ameamua imetosha, tunamwambia tutakufunga kizazi, anakubali. Mwezi unaofata anaona hedhi, anarudi mbio anasema hamkunifunga vizuri. Au mume wake anakataa kabisa kusaini maana anauliza kizazi kikifungwa ile damu ya kila mwezi itaenda wapi, si itaoza ndani? Swali la maana sana kwa mtu aliyeambiwa kizazi kinafungwa! Kumbe kizazi hakiguswi hata kidogo. Kinachofungwa au kukatwa ni mirija miwili, ile inayopitisha yai kutoka kwenye ovari, yai lisikutane na mbegu, mji wa mimba unabaki ulivyo na hedhi inaendelea kuja. Tukisema "kufunga mirija" nusu ya maswali yanaisha pale pale. Na kwa wanaume vilevile, inafungwa mirija ya kupitishia mbegu, korodani hazitolewi, sio kuhasiwa kama ng'ombe, nguvu zake ziko palepale.

Wanaume nao wana neno lao linalowapoteza. Utasikia "babu ana tezi dume", "mzee kafanyiwa operesheni ya tezi dume", mpaka watu wameamini tezi dume ni jina la ugonjwa. Nishawahi kumshauri mzee mmoja akapime akanijibu kwa kujiamini kabisa, mimi sina tezi dume bwana. Baba yangu, kila mwanaume anayo, kazaliwa nayo, iko chini ya kibofu imeuzunguka mrija wa mkojo na kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Umri ukienda inaweza kuvimba ikabana mkojo, na inaweza kupata saratani, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Nyie magazeti mkiandika "kuvimba kwa tezi dume" au "saratani ya tezi dume" badala ya tezi dume peke yake mtakua mmewasaidia wazee wengi.

Bibi yangu mzaa mama alikua mkunga wa jadi kule Pangani, hakujua kusoma, na yeye alikua hasemi kizazi, alikua anasema mji, mji wa mimba. Nikiwa chuo tulifundishwa majina ya kizungu na kilatini nikaona ya bibi ni ya kishamba. Baadae ndio nikaja kujua kwamba kwenye kilatini chenyewe jina la uke maana yake ni ala, ile ya kuwekea upanga, na sehemu za nje za mwanamke walikua wanaziita kwa neno lenye maana ya vitu vya kuonea aibu, mpaka mwaka 2019 ndio wataalamu wa anatomia wakaja kulibadilisha kwenye orodha yao rasmi. Sisi tuna uke na uume, maneno yaliyotokana na mke na mume, ya heshima kabisa, mtu anaweza kuyasema mbele ya mkwe wake akihitajika, lakini bado mgonjwa anaingia chumba cha daktari anasema tumbo linauma, na akishafika mlangoni kutoka ndio anarudi ananong'ona "na huku chini pia". Huku chini wapi mama? Goti liko chini pia.

Nirudi kwenye chanjo. Inazuia maambukizi ya kirusi cha HPV, na aina mbili za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha karibu asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Hapa kwetu ilianza 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 wakapewa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Haigusi uwezo wa kuzaa. Na jamani mkiandika chagueni moja, maana redio inasema mlango wa kizazi, hospitali wengine wanasema shingo ya kizazi, na mama mmoja aliniuliza kama akishapima mlango inabidi apime na shingo. Ni kitu kilekile.

Ningependa Wizara ya Afya na BAKITA, lile Baraza la Kiswahili la Taifa, wakae na wakunga, sio na maprofesa peke yao, waamue maneno ya kutumika kliniki. Lakini hilo litachukua mda, nyie mna toleo wiki ijayo. Naomba kile kichwa cha habari mkirekebishe, ukurasa uleule na maandishi makubwa yaleyale, muandike "Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa mji wa mimba". Ni kirefu najua, nimekipima kwa rula kwenye gazeti lenu, kinaingia kwa mistari miwili kama mkilisogeza kidogo lile tangazo la viwanja lililo pembeni.

Mkunga mstaafu,
Tanga