Safari ya Srirangam: someni kabla ya Jumamosi

Wapendwa, habari za jioni. Treni ya Tiruchirappalli, mji wa kusini mwa India palipo Srirangam, ni ileile ya Ijumaa usiku, haijabadilika.

Wengi mmeuliza tunaenda kuona nini. Hekalu la Ranganatha, yaani Vishnu, mungu wa Wahindu, aliyejilaza juu ya nyoka, liko kisiwani katika mto Kaveri. Lina kuta saba, moja ndani ya nyingine, na humo ndani kuna nyumba na maduka ya watu. Ule mnara mrefu wa lango, mita 70 na ushei, ulikamilika 1987 tu, kwa hiyo msidanganywe na picha mkadhani ni wa kale.

Kisa chake: Rama, mfalme shujaa wa hadithi za Kihindu, alimpa Vibhishana, nduguye adui yake Ravana wa kisiwa cha Lanka, sanamu ya Ranganatha aipeleke Lanka, sharti asiitue njiani. Kufika Kaveri akataka kuoga, akamshikisha mtoto mchungaji. Kumbe ni Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo! Akaitua, ikaganda papo hapo. Vishnu akamtuliza Vibhishana kwa kulala akitazama kusini, upande wa Lanka.

Mimi nakipenda zaidi kile cha binti Mwislamu wa sultani wa Delhi, aliyeipenda sanamu akaifuata mpaka huku. Ana kijumba chake hekaluni, amechorwa ukutani badala ya kuchongwa, na Ranganatha huandaliwa chapati kwa ajili yake. Chapati, jamani!

Wasio Wahindu hawaruhusiwi patakatifu pa ndani, tusibishane na walinzi. Viatu vinaachwa nje, mabega na magoti yafunikwe. Nauli zimfikie mweka hazina kabla ya Jumatano.