Miwani moja kwa wanafunzi 58

Ndugu Mhariri,

Nafundisha baiolojia katika sekondari ya kata wilayani Kongwa, huu ni mwaka wangu wa 14. Mada ya mzunguko wa damu ikifika, huamkia machinjioni kununua moyo wa ng'ombe. Mwanafunzi akiushika anausikia uzito wake, na akitia kidole anakuta ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene kuliko wa kulia, kwa kuwa ndicho kinachosukuma damu mwili mzima. Ila moyo huo umeshapitiwa na kisu cha mkaguzi wa nyama, na haudundi. Vali, vile vilango vya kuzuia damu isirudi nyuma, zimelala tu. Basi tunarudi kwenye chati ya ukutani, ambayo mtu amechorwa akikutazama: kushoto kwake ni kulia kwako. Hapo ndipo wanangu wengi hupotea kwenye mtihani.

Muhula uliopita kijana niliyemfundisha, sasa yuko Chuo Kikuu cha Dodoma, alituletea miwani ya uhalisia pepe, ile ya kupachika simu mbele ya macho, ukaona picha kana kwamba kitu chenyewe kiko mbele yako. Binti mmoja wa kidato cha pili, mkimya sana, aliivaa, akauzunguka moyo unaodunda mpaka nyuma yake. Akapaza sauti: "Madamu, kumbe kushoto kwake ndiyo kushoto kwangu!" Machozi yalinilengalenga. Jambo hilo nimelieleza kwa chaki miaka yote hii.

Lakini darasa lina wanafunzi 58. Kila mmoja akipewa dakika 5 (wakizidisha, wengine hushikwa na kizunguzungu), ni dakika 290, na kipindi kimoja ni dakika 40. Siku ile wengi waliishia kusimulia walichosimuliwa.

Naiomba halmashauri yetu: vifaa hivi vikinunuliwa, visigawiwe kimoja kimoja kila shule, vikaishia kabatini kusubiri wageni. Zinunuliwe miwani kumi pamoja na simu zake, zizunguke kata kwa kata. Kwa kumi, darasa langu linamaliza kwa zamu sita, dakika 30. Miwani yenyewe ni kasha na lenzi mbili tu. Gharama iko kwenye simu. Masomo yahifadhiwe humo humo kwenye simu, maana mtandao huku ni wa kubahatisha, na maelezo yawepo kwa Kiswahili pia.

Moyo wa ng'ombe nitaendelea kuununua mwenyewe.

Mwalimu wa Baiolojia,
Kongwa, Dodoma