Kamera imemnasa mwizi, lakini saa yake inasema nini?

Alikuja dukani kwetu, tunakofunga kamera, mama mmoja mwenye duka la nguo hapa Malindi, ameishika simu kama mtu aliyebeba yai. Usiku mmoja mwizi alikata kufuli, akapita na mzigo wa vitenge na droo ya pesa. Kamera zote nne zilikuwa zinafanya kazi. "Nimemnasa, mwanangu," akaniambia, akanionyesha video. Alikuwa amerekodi kioo cha televisheni kwa simu, mkono ukitetemeka, feni ikivuma, kisha akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wenziwe. Nikamuuliza mashine yenyewe ya kurekodia iko wapi. Mwanawe alikuwa ameifomati, yaani kuifuta yote, kwa sababu iliandika imejaa, na tangu siku hiyo ilikuwa imerekodi wiki mbili juu ya yaliyokuwamo.

Sikuwa na la kumfanyia. Ndiyo sababu naandika haya, maana wengi wenu tumewafungia kamera na hatukuwaambia mambo haya mapema. Kosa hilo nalikubali.

Tuanze na saa, kwa sababu hapo ndipo kesi nyingi huanza kuyumba. Mashine nyingi za kurekodia hutoka kiwandani zikiwa kwenye saa za Uchina, ambazo zimetutangulia kwa saa tano. Fundi asipozibadilisha, wizi wa saa nane usiku utaandikwa 07:00, wakati wenye maduka wanafungua milango. Wakili wa mshtakiwa hahitaji kitu kingine: mteja wake saa moja asubuhi alikuwa jeti akipakua samaki, na mashahidi anao. Halafu sisi Waswahili tuna balaa letu la ziada. Shahidi anasema "saa nane", anayeandika taarifa kwa Kiingereza ana haraka, anaandika 8. Sasa kuna saa tatu tofauti kwenye faili moja.

Hata mashine iliyowekwa sawa huteleza. Ndani yake mna betri bapa kama sarafu inayoshikilia saa stima ikipotea. Betri ikifa, stima ikirudi mashine huanza kuhesabu tarehe ya ajabu. Hewa yetu ya chumvi nayo haisaidii, hasa kwa wale mlio karibu na bahari.

Basi ukigundua saa imekosea baada ya wizi, tafadhali usiirekebishe. Ikirekebishwa kabla ya kupimwa, kipimo kimepotea. Sisi huweka simu yenye saa ya mtandao kando ya kioo cha mashine, tunapiga picha moja inayoonyesha zote mbili, tunaandika tofauti: labda mashine iko mbele kwa saa 4 na dakika 52. Kisha tunatafuta nanga nyingine ndani ya rekodi zenyewe. Hapa M-Pesa inasaidia kuliko watu wanavyofikiri. Ujumbe wa malipo una tarehe na saa. Tukimwona mteja kaunta akilipa mchana wa siku ileile, tukalinganisha saa ya kamera na saa ya ujumbe, tunapata kipimo cha pili. Tukipata nanga mbili za siku mbalimbali, tunaweza kukokotoa mashine inateleza sekunde ngapi kwa siku na kurudi nyuma hadi usiku wa wizi. Saa inayoteleza sekunde 2 kwa siku, kwa siku 90 imekwenda kombo dakika 3. Dakika 3 ni kidogo, ila zinatosha mtu kutoka sokoni mpaka barabarani.

Diski nayo haingoji. Kamera moja ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde hula karibu gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne ni zaidi ya 86. Diski ya terabaiti moja itadumu siku kama 11, kisha mashine inaanza kuandika juu ya siku ya kwanza bila kuuliza mtu. Kwa hiyo ukishaenda kituo cha polisi na kupata nambari ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, usingoje wiki ijayo. Ukiona muda unakuja kwisha na hakuna wa kukusaidia kunakili, zima mashine kwa utaratibu wake. Usifomati, na usiirudishe kwenye hali ya kiwandani eti umesahau nenosiri.

Kunakili kwenyewe tunafanya hivi. Tunatoa faili katika umbo lake la asili la mashine, pamoja na programu ya kuichezea, si video iliyogeuzwa. Kisha kompyuta inapiga hesabu inayoitwa hashi: inapitia faili yote na kutoa mstari wa herufi na tarakimu 64. Faili ikibadilika hata biti moja, mstari huo hugeuka wote. Tunauandika kwenye fomu pamoja na jina la aliyenakili, tarehe na namba ya mashine. Mwaka ukipita, yeyote anaweza kuipigia nakala hesabu ileile mbele ya hakimu. Video iliyopita WhatsApp imebanwa upya njiani, kwa hiyo hashi yake haiwezi kufanana na ya asili.

Halafu kuna cheti. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinataka rekodi ya kielektroniki ifafanuliwe ilivyotolewa na chombo gani kilihusika, na cheti kitiwe sahihi na mtu mwenye dhamana juu ya chombo hicho. Mara nyingi huyo ni wewe mwenye duka. Sisi tunaeleza sehemu yetu ya kunakili tu.

Kuhusu "kuza uso": naombwa kila wiki. Uso wenye nukta kumi na mbili kwa upana hauna kitu cha kukuza, na programu za kunoa picha hubuni pua na macho ya kukisia. Januari 2020 polisi wa Detroit, Marekani, walimkamata mwanamume mbele ya familia yake kwa sababu programu ilifananisha picha ya leseni yake ya udereva na picha hafifu ya kamera ya duka. Hakuwa yeye. Sitakunolea uso ili umpelekee afisa kama ushahidi, hata ukilipa mara mbili.

Na ile tabia ya kumwaga picha kwenye makundi na kuandika "mwizi huyu"? Mashahidi wako wakishaiona huko, gwaride la utambulisho, pale shahidi anapomchagua mshukiwa kati ya watu waliopangwa mstari, halina uzito tena. Ukiwa umekosea mtu, tena hapa ambapo umati hauulizi mara mbili, sitaki hata kuwaza.

Simu ya mtu mwingine hatufungui, hata ukidai ndiyo ya mwizi. Ipeleke kwa polisi ikiwa imezimwa.

Ukija kwetu, njoo na mashine, waya wake wa stima, nenosiri na nambari ya OB. Kama hujaibiwa, njoo na picha ya kioo chako ikionyesha saa ya kamera kando ya simu yako. Kukagua saa hatulipishi.