Dada, umeuliza kama vyoo vina milango?

Dada yangu, shikamoo.

Nimekawia kukujibu kwa sababu kila nikianza kuandika kwenye simu maneno yanakuwa mengi kuliko kidole. Halafu nikaona hauko peke yako. Tangu mwaka jana kina mama watatu wa huku ughaibuni wameniuliza swali hilohilo lako, kama wampeleke mtoto aliyewashinda kwenye shule ya bweni ya kunyoosha tabia, kila mmoja kwa kunong'ona, kama mtu anayeulizia kwa mganga. Basi naliweka hadharani. Jina lako silitaji, wala la mtoto, wala la shule uliyonitumia.

Picha nimeziona. Bwawa la kuogelea, farasi wawili, milima kwa nyuma, bwalo lenye meza za mbao zinazong'aa. Nakiri kwamba mimi niliyelala bwenini Tanga miaka sita, juu ya kitanda cha deka chenye chaga tatu, nilishikwa na wivu. Nikazirudia mara ya pili ndipo nikagundua kuwa hakuna hata moja inayoonyesha mahali pa kulala.

Ukimkuta mtu aliyesoma bweni kwetu ukamwuliza shule ilikuwaje, anaanzia wapi? Jikoni. Maharage yenye wadudu, uji wa alfajiri, mpishi aliyewapakulia vizuri watu wa Simba tu. Kisha bomba lililotoa maji usiku wa manane, tranka lililovunjwa kufuli, mwembe wa mwalimu mkuu. Tunacheka mpaka machozi. Viboko vilikuwepo, na siku nyingine nitavisimulia bila kucheka. Lakini Jumapili tulitoka kwenda sokoni, na barua zangu kwa mama nilizibandika stempu kwa mkono wangu.

Sasa sikia habari ya mwenzangu kazini. Tunapakia mizigo pamoja hapa Syracuse, zamu ya usiku. Mmarekani, mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, msema machache. Alipokuwa na miaka 15 wazazi wake walimpeleka shule ya namna hiyo. Usiku mmoja mashine iligoma, tukakaa tukisubiri fundi, nikamwuliza hiyo shule ilikuwaje. Akachukua boksi tupu, akalipasua, akatoa kalamu nene ya kuandikia mizigo, akaanza kuchora ramani.

Huyu hakuanzia jikoni, alianzia milangoni. Alichora kila mlango wa jengo lile, na kila mmoja akanieleza ulifungukia upande gani na king'ora chake kililiaje. Kisha korido. Pale akatia alama tatu ndogo: hapa, hapa na hapa yalitandikwa magodoro ya waliodhaniwa watatoroka. Walilala koridoni taa zikiwaka, mlinzi kwenye kiti. Vyoo havikuwa na milango, na ukiwa ndani ulitakiwa kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, ili aliye nje asikie kuwa bado upo. Ukinyamaza, anaingia. Dada, mtu mzima yule aliniambia kuwa mpaka leo, nyumbani kwake mwenyewe, akiingia chooni midomo inamcheza.

Viatu vilikuwa na chumba chao na kufuli lake. Wanafunzi wapya walivalishwa kandambili, hata theluji ikianguka, maana mtu wa kandambili hafiki mbali. Bwawa la kuogelea lilikuwepo kweli. Alilichora mwisho, kiduara pembeni ya boksi. Nikamwuliza aliogelea mara ngapi. Akasema aliwahi kulisugua.

Nilidhani labda ni shule yake tu, nikaanza kusoma. Kaskazini ya hapa, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari, nje ya mji wa Ogdensburg karibu na mto St. Lawrence, kuna majengo yaliyokuwa chuo cha Kikatoliki kilichoitwa Mater Dei. Chuo kilipofungwa, mwaka 2001 ikaingia Academy at Ivy Ridge. Waliosoma pale wanasimulia ngazi sita za kupanda kwa pointi: aliye chini haongei bila ruhusa, na kuchungulia dirishani ni kosa la kukatwa pointi. Mwaka 2005 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York aliibana shule hiyo kwa kutoa vyeti vya sekondari ambavyo haikuwa na mamlaka ya kuvitoa. Ikafungwa mwaka 2009. Wenyewe waliondoka wakaacha makabati yamejaa, na miaka mingi baadaye waliosoma pale walirudi ndani ya yale magofu wakakuta mafaili yao wenyewe yakiwangoja, pamoja na video za kamera za ukutani. Hebu fikiria, unarudi shuleni kwako kwa miguu yako, unaokota karatasi sakafuni, unasoma jina lako.

Jambo jingine nililoliona ni kwamba kadhaa ya shule hizi ziliingia kwenye nyumba zilizojengwa kwa kazi nyingine. Tranquility Bay, kule Treasure Beach nchini Jamaika, ilikuwa hoteli. Casa by the Sea, karibu na Ensenada nchini Meksiko, nayo ilikuwa hoteli, mpaka serikali ya kule ilipoifunga mwaka 2004. Ndiyo maana picha zinapendeza. Uzuri ule walijengewa watalii na masista. Mzazi wa mtoto wa Tranquility Bay alionyeshwa bahari. Mtoto alikutana na chumba walichokiita OP, ambamo aliyeadhibiwa alilazwa kifudifudi sakafuni, siku baada ya siku, mwalimu akimtazama.

Inayoninyima usingizi zaidi ni Élan, ya mji wa Poland katika jimbo la Maine, iliyodumu kuanzia 1970 hadi 2011. Waliosoma pale wanaeleza habari za ulingo wa ngumi. Ungeutafuta ulingo huo usingeuona, maana haukuwa na kamba wala nguzo. Wanafunzi walisimama duara, na mtoto aliyetajwa kuwa mkorofi akatiwa katikati apigane na mmoja, akija mwingine, akija mwingine, mpaka aishiwe nguvu. Duara likitawanyika inabaki sakafu safi. Mkaguzi akija atakagua nini?

(Mtindo huu wa kumzunguka mtu na kumfokea una ukoo wake. Unaanzia kwa Synanon, kundi la waraibu wa dawa za kulevya lililoanzishwa California mwaka 1958. Wengine wakaubeba, wakaufanyia biashara kwa watoto.)

Utaniambia siku hizi kuna sheria. Ipo ya jimbo la Utah ya mwaka 2021, iliyopita baada ya Paris Hilton, yule nyota wa televisheni, kutoa ushahidi kuhusu Provo Canyon School, shule ya namna hii ya hukohuko Utah, alikowekwa akiwa msichana. Ipo ya nchi nzima pia, iliyosainiwa na Rais Biden Desemba 2024. Hiyo ya pili sehemu yake kubwa inaagiza utafiti. Ni hatua, siibezi, lakini utafiti haumpi mtoto simu usiku wa leo.

Kwenye ile fomu uliyonitumia kuna mstari mdogo chini: usafiri unaweza kupangwa. Je, walikueleza usafiri huo unakuwaje? Mwenzangu alinionyesha. Ramani yake haikuishia kwenye geti la shule. Pembeni kabisa alichora chumba kingine, nikamwuliza hiki cha nini. Akasema ni chumba chake cha kulala, kwa mama yake. Wanaume wawili wa huo usafiri waliingia saa tisa usiku wakawasha taa. Mama alikuwa amesimama mlangoni, hakusema neno, kwa sababu alikuwa ameambiwa asiseme. Mama huyo yuko hai, na mwenzangu humpigia sikukuu.

Sikulaumu. Najua unafanya zamu mbili, najua polisi walikupigia mara ngapi, na najua harufu ya bangi haifichiki kwa marashi. Najua pia lile wazo la baba mkubwa, arudishwe nyumbani akanyooshwe. Jirani zetu Wasomali wana jina la hilo, dhaqan celis, kurudisha utamaduni, na nyumba za kazi hiyo zimekuwepo mpaka Nairobi. Vijana waliolelewa Ulaya na Marekani wametoka humo wakisimulia minyororo. Kuvuka bahari hakubadilishi mlango uliofungwa kwa nje.

Ukishikilia kuwa shule yako ni tofauti, na huenda ikawa, wapigie. Usiwaulize ada wala matokeo. Waulize vyoo vina milango? Viatu vinakaa wapi? Mtoto akitaka kunipigia mimi Jumatano saa nne usiku, simu iko chumba gani, na nani atakuwa amesimama nyuma yake? Waombe wakupeleke mahali pa kulala leo hii, bila miadi. Wakianza kukutajia farasi, kata simu.

Na mimi ni mjomba, nina haki ya kusema hili pia. Nina chumba juu. Kidogo, dari imeinama, ukisimama vibaya unagonga kichwa, na mlango umevimba kwa unyevu haufungi sawasawa. Shule ya kutwa iko mitaa mitatu kutoka hapa, nimeshaongea na mshauri wao wa wanafunzi, na ametaja siku anazoweza kukaa na kijana wa aina yake. Sijui kama nitamweza. Mchana huwa nimelala, usiku niko kazini, kwa hiyo atapika mwenyewe.

Boksi ninalo, mwenzangu alinipa nilipomwomba. Nimelipiga picha, nitakutumia kando, si hapa.

Mwambie kijana abebe buti. Huku theluji inaanza Novemba.