Nambari ya ukurasa isimnyime mama zabuni

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie nambari za kurasa. Ninaendesha saiba, yaani duka la huduma za kompyuta na intaneti, kwenye ghorofa ya pili ya jengo moja kando ya Barabara ya Tom Mboya hapa Nairobi, na kazi inayonilaza macho zaidi ni zabuni za watu wadogo.

Mwezi Machi alinijia mama anayeshona sare za shule mtaani Kariobangi. Ana cheti cha AGPO, ule mpango unaotenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu. Alikuwa na barua ya kukataliwa mkononi. Bei yake haikuangaliwa, wala sampuli za vitambaa vyake. Alitupwa nje katika hatua ya kwanza kwa sababu kurasa zake 143 hazikuwa na nambari za mfuatano.

“Mwanangu, si hizi hapa nambari?” akaniuliza, akinionyesha kwa kidole.

Kweli zilikuwapo. Taarifa ya benki ilikuwa na yake, 1 hadi 18. CR12, ile hati ya msajili inayoonyesha wenye kampuni, ilikuwa na yake. Hesabu zilizokaguliwa zilianza tena kutoka 1. Kila hati ilikuwa na nambari zake, lakini furushi lote halikuwa na mfuatano mmoja. Faili hiyo iliandaliwa kwingine, lakini nilinyamaza, kwa kuwa miaka ya nyuma nami niliwahi kuwatolea wateja faili za namna hiyo na kuwalipisha.

Siipingi sheria. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 kinataka mwaliko wa zabuni useme kwamba kurasa ziwekwe nambari kwa mfuatano, na jambo hilo lina maana. Kurasa zikishahesabiwa, hakuna mtu anayeweza kuchomoa cheti chako usiku au kuchomeka karatasi kwenye faili ya mpinzani wako bila kujulikana. Nambari hizo humlinda huyo mama kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana inaniuma kuona zikigeuka kisu cha kumchinjia.

Shida iko katika namna tunavyoziweka. Wengi huchukua PDF iliyokamilika na kuirudisha kuwa hati ya Word ili waongeze nambari. Usifanye hivyo. Majedwali huvunjika, mihuri husogea, na vyeti vilivyoskaniwa hutoka vimenyongeka. Wengine huprinti kila kitu, wakaandika nambari kwa kalamu na kuskani upya. Kwa nakala ya karatasi hilo halina ubaya, lakini kwa nakala ya kutumwa mtandaoni maandishi hufifia na faili huvimba hadi mtambo wa kupokea zabuni ukaikataa. Kuna pia tovuti za bure zinazoweka nambari kwa sekunde chache. Hizo nawaomba wateja wangu wazikwepe, maana huwezi kupeleka taarifa ya benki na nakala ya kitambulisho chako kwa mtu usiyemjua, eti kwa sababu ya nambari.

PDF haikuundwa ili ifunguliwe na kuandikwa upya. Ukurasa wake umeshakaa. Unachofanya ni kuweka nambari juu yake, mithili ya kulaza karatasi ya plastiki iliyoandikwa nambari juu ya picha. Programu ya Acrobat ya kulipia hufanya hivyo kupitia sehemu ya vichwa na vijachini. Kompyuta yangu inatumia Linux, kwa hiyo mimi hutengeneza kwa programu ya LibreOffice kurasa tupu zenye nambari tu, kisha programu nyingine, pdftk, inazilaza juu ya zabuni, ukurasa kwa ukurasa. Sitoi hata senti kwa programu hizo, na faili ya mteja haitoki humu ndani.

Mpangilio wa kazi ndio unaookoa. Kwanza unganisha hati zote ziwe faili moja. Kisha zigeuze kurasa zilizolala, maana cheti kilichoskaniwa kwa upande hubandikwa nambari ubavuni mahali ambapo mkaguzi haangalii. Cheti kilichojaa hadi ukingoni kipunguze kidogo ili nambari isikanyage maandishi. Anza kuhesabu kwenye jalada lenyewe, ili ukurasa wa 57 uwe wa 57 pia kwenye kioo cha kompyuta. Na kama kuna sahihi ya kidijitali, iwekwe baada ya nambari. Faili ikishatiwa sahihi, ukiigusa tu, sahihi huonyesha kwamba hati imebadilishwa.

Makarani wa mawakili wananielewa haraka nikizungumza haya, kwa sababu wengine wao bado wanakumbuka ile mashine ya chuma ya kugonga nambari ambayo hujiongeza yenyewe kila ukiibonyeza. Mmarekani Edwin Bates aliipatia hataza katika miaka ya 1890, na hadi leo Acrobat huuita mtindo huo kwa jina lake. Fundi cherehani wa Kariobangi hana karani. Ana sisi wa saiba.

Kwa maafisa wa ununuzi nina ombi moja. Mialiko mingi ninayoprinti hapa husema tu kwamba kurasa ziwe na nambari za mfuatano. Haisemi kama jalada linahesabiwa, kama upande mtupu wa karatasi unahesabiwa, wala kama nambari za kalamu zinakubalika. Kila ofisi ina tafsiri yake, na mwombaji huijua siku ya kukataliwa. Kulalamika kwenye bodi ya rufaa ni lazima iwe ndani ya siku 14, tena kuna ada yake, na yule mama alipopiga hesabu aliona afadhali anunue vitambaa. Andikeni mistari mitatu tu kwenye mwaliko, kwa Kiswahili pia, mtu ajue.

Alhamisi anarudi na zabuni nyingine, kurasa 160 hivi. Nimeusoma mwaliko wake mara mbili, na haujasema lolote kuhusu kurasa tupu. Nitazipa nambari zote.

Mhudumu wa saiba,
Barabara ya Tom Mboya, Nairobi